Je, Wajua? Soketi ya Jikoni Haiongezwi Kienyeji

Jiko lenye soketi moja si jambo geni kwenye nyumba za zamani, kuanzia Kariakoo hadi Magogoni. Friji, bleda na jagi la umeme vyote vinaigombania. Kabla hujachomeka ekstensheni nyingine, je, wajua kwamba:

• Kiwango cha soketi yetu ya pini tatu kilitolewa Uingereza mwaka 1947? Mwisho wake ni ampia 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni takriban wati 3,000.

• Jagi la wati 2,000 na maikrowevu inayovuta wati 1,200 vikiwashwa pamoja kwenye ekstensheni moja, mpaka huo umeshavukwa? Matundu yawe manne au sita, yote yanategemea soketi ileile ya ukutani.

• Pini ndefu ya juu ni ya eathi? Huingia kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ukisukuma kalamu pale juu ili plagi ya pini mbili iingie, umeiondoa kinga hiyo, na kifaa cha chuma kinabaki bila eathi.

• Soketi hufungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, wakati taa zinatosheka na wa 1.5? Fundi akichukua umeme wa jagi kwenye laini ya taa, waya unaweza kuchemka ndani ya ukuta bila wewe kuuona.

• Kuna nyaya zenye shaba juu na alumini ndani? Kwangua kwa kisu: ukiona weupe, rudisha dukani. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

• Soketi inayoungua huweza kunuka kama samaki? Ukiisikia harufu hiyo na hujapika samaki, zima meni swichi. Moto ukiwaka, piga 114, Zimamoto.

• Breka ya kuzuia uvujaji, ya miliampia 30, hukata umeme papo hapo unapovuja, hata ukipitia mwilini mwa mtu?

• Kufunga umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji? Ulizia leseni hiyo kabla ya kupatana bei. Kisha mwambie avute laini mpya ya jikoni kutoka kwenye bodi, aiwekee breka yake, apime eathi, na soketi zikae mbali na sinki na jiko la gesi. Hapo ndipo utakuwa umeongeza soketi kweli.