Malaria Inayojificha Katika Pembe ya Afrika

Adui ajifichaye ndiye wa kuhofiwa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta katika damu protini ya vimelea iitwayo HRP2. Lakini katika Eritrea, Djibouti na Ethiopia wamegunduliwa wagonjwa wenye vimelea visivyo na protini hiyo. Mgonjwa huambiwa ni mzima, kumbe malaria imo mwilini.

Mwaka 2016 Eritrea ilivibadili vipimo hivyo, ikachukua vinavyotafuta kimeng'enya LDH, ambacho kimelea hukihitaji ili kupata nguvu kutokana na sukari. Kazi iliyosalia ni kuviwezesha kutambua hata kiasi kidogo sana.

Vimelea havitambui mipaka. Askari mwenye homa isiyokoma asitosheke na kipimo kimoja. Damu yake itazamwe pia kwa hadubini.