Heri ya Sikukuu: Uchaguzi wa Salamu baina ya Watu wa Dini Mbalimbali katika Kibosho

Salamu za kila siku katika Kiswahili zina mpango unaojulikana: mdogo humwamkia mkubwa kwa shikamoo, mkubwa huitika marahaba, na wenye kulingana hujuliana hali. Umri ndio unaoamua. Lakini zifikapo sikukuu, umri hautoshi. Msemaji hana budi kuijua pia dini ya msikilizaji, kisha kuamua kama ataitaja sikukuu kwa jina au la. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, na kwa nini maneno mawili au matatu tu yaweza kumpa mtu heshima yake au kumwacha kando. Kibosho, katika miteremko ya Kilimanjaro baina ya Machame na Uru, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho mwaka 1893, na mwaka huohuo wamisionari Walutheri kutoka Leipzig walianza kazi yao Machame. Hivyo Kibosho imekuwa hasa nchi ya Wakatoliki, na Machame ya Walutheri. Waislamu nao wamekuwako tangu zamani katika mji wa Moshi, ulio chini ya mlima, na wamo katika koo za Wachaga kwa njia ya ndoa, biashara na kazi za mijini. Kila Desemba wenyeji wakaao Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mlima kurudi nyumbani. Ndipo ndugu wa ukoo mmoja, wasio wa dini moja, hukutana katika kihamba kimoja.

Yafaa kwanza kutenga salamu za ibada na salamu za sikukuu, kwa maana sarufi yake si moja. Mkatoliki asemapo "Tumsifu Yesu Kristu", kiambishi tu- humwingiza msikilizaji katika tendo la kusifu. Naye aitikapo "Milele na milele, amina" amekiri imani. "Bwana Yesu asifiwe" ya Waprotestanti haina tu-, walakini "amina" yake ni kukiri vilevile. "Assalaam aleikum" ni dua ya kumwombea amani anayeamkiwa, lakini jibu lake limekwisha kuwekwa. Ndiyo sababu katika mikutano ya hadhara nchini Tanzania aghalabu msemaji huzitoa zote tatu kwa mfululizo, na kila kundi huitika iliyo yake. Hakuna anayelazimishwa, wala anayesahauliwa.

Salamu za sikukuu ni nyepesi zaidi. "Heri ya Krismasi" haina kitenzi wala nafsi. Haisemi nani anaamini nini. "Idi Mubarak" nayo ni jina na sifa yake tu, yaani sikukuu iliyobarikiwa. Asili za maneno haya zimechanganyika kuliko wasemaji wanavyodhani. Heri limetoka katika Kiarabu, na wafasiri wa Injili hawakusita kulitumia katika Heri za Mlimani. Mubarak ni la mzizi mmoja na baraka, neno lisikikalo kanisani kila Jumapili. Krismasi limetoka katika Kiingereza, na Noeli, lisikikalo zaidi kwa Wakatoliki, katika Kifaransa. Sikukuu pekee ndilo la Kibantu. Basi kwa upande wa lugha hakuna kizuizi cha Mkristo kutamka "Idi Mubarak", wala cha Mwislamu kutamka "Heri ya Krismasi". Kizuizi, kama kipo, ni cha dhamiri: wako maulamaa wanaoruhusu pongezi hizo na wako wanaozikataza, na wako pia Wakristo wasioadhimisha Krismasi kabisa.

Ugumu wenyewe hauko katika kutoa salamu, bali katika kuitika. Mathalani Mwislamu aliyerudi Kibosho huambiwa na shangazi yake, "Heri ya Krismasi, mwanangu." Akijibu "Nawe pia", ameipokea sikukuu kuwa yake na kuirudisha, neno pia ndilo linalomfunga. Akinyamaza, amemvunjia shangazi heshima. Njia ya kati ni kushukuru, kisha kumtakia mwenye sikukuu heri yake: "Ahsante, shangazi, Mungu awajalie msherehekee salama." Hapo kiambishi m- katika msherehekee hutenda kazi kubwa: chamwonyesha mwenye sikukuu bila kumtoa msemaji katika ukoo.

Wengine huona ni salama zaidi kusema "Sikukuu njema" kwa kila mtu. Kwa wapita njia maneno hayo yanatosha. Bali kwa jirani wa miaka ishirini, au ndugu wa damu, kuficha jina kwaweza kusikika kama kutomjua. Atakiwaye "Idi Mubarak" siku ya Idi na jirani Mkristo husikia kwamba anajulikana alivyo. Kanuni basi yaweza kusemwa hivi: usiyemjua mtakie heri bila jina la sikukuu, unayemjua mtakie heri kwa jina la sikukuu yake, si ya kwako.

Salamu hufuatwa na karibu, na karibu nayo ina sarufi yake. Desturi iliyoenea Tanzania ya kumpa Mwislamu kisu achinje, ili nyama iliwe na wote, husema kwa tendo lile ambalo salamu husema kwa neno. Kadhalika asiyekunywa mbege apewe chai bila kuulizwa mara mbili.

Kalenda nayo huongeza fumbo. Mwaka wa Kiislamu hupungua siku kumi au kumi na moja kuliko wa jua. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia siku za mwisho za Ramadhani, na Idi ikafuata kabla ya juma kwisha. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huo. Wafungaji wa pande mbili waliweza kutakiana mfungo mwema kwa neno moja, na jibu "Nawe pia" likawa kweli tupu. Mwaka 2030 Ramadhani inatazamiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mnamo tarehe 26 Desemba. Siku hizo shangazi wa Kibosho, sahani ya nyama ikiwa mkononi, atakuwa na mpwa anayeanza kufunga; na neno atakalochagua mlangoni ndilo litakalomweleza kama amefika kwao.