Shaba ilizaa muziki, tuichunge kabla wazee hawajaisha

Mwaka 2022, mwimbaji Sampa the Great alipanda jukwaa la Sydney Opera House, kule Australia. Wapiga vyombo wake wote walikuwa Wazambia. Yeye mwenyewe ni mutoto wa Ndola, katika Copperbelt. Ni mukanda wa shaba uleule wetu: ukitoka Kolwezi unapita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, unavuka mupaka, njo umefika. Madereva wetu wa malori wanaijua ile barabara.

Konseri ile ilibeba urithi wa wazee wake, muziki inayoitwa Zamrock: funk, soul na gita za roki, pamoja na ngoma za kwao. Mwanzo wa miaka ya 1970 vijana wa Kitwe walikuwa na kundi linaloitwa WITCH. Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda, wanamuita Jagari. Walisikiliza James Brown na Jimi Hendrix, kisha wakatengeneza yao.

Kwa nini ilitokea pale? Juu ya mushahara. Bei ya shaba ilikuwa juu, na mutu wa mungodi alikuwa na kitu cha kununua disiki na kulipa mulango siku ya ngoma. Halafu, tangu 1974, bei ikaanguka. Sisi wa huku pia tunakumbuka vile shaba ikianguka, inaanguka na nyumba nzima. Makundi yakavunjika, na UKIMWI ukabeba wapiga muziki wengi. Jagari mwenyewe akaingia kuchimba mawe ya bei. Mwimbaji akakuwa muchimbaji!

Miaka mingi ikapita, watu wa inje wakatoa tena disiki zile, na muzee akarudi jukwaani. Katika albamu ya Sampa ya 2022, As Above, So Below, WITCH wanasikika pamoja naye.

Na sisi? Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa 1930 Bunkeya, hapa hapa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimukuta Jadotville, njo Likasi ya leo, akashika sauti yake kwenye mashine. Ule wimbo Masanga ulifika mbali, na vijana wa Kenya wakajifunza gita kwa kumusikiliza. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Akafariki 1990 kwa ajali ya barabara, kule Zambia.

Mwenda alipata mutu wa kumurekodi. Lakini ndani ya kambi zetu kulikuwa pia makundi ya gita za umeme, yenye kupiga soul na funk kila siku ya mushahara. Wale wazee wengine wako nyumbani, bila kazi, bila pensheni ya kutosha. Wakienda, wanaenda na nyimbo zao.

Wenzetu wengine watasema: maji kwanza, shule kwanza. Ni kweli, na hatutaacha kuyadai. Lakini kodi ya mungodi ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mungodi. Wakati wa kuandika cahier des charges, tunaweza kuweka pia ukumbi mumoja, vyombo, na kazi ya kurekodi wazee. Na wazee walipwe siku ile, si kupewa chupa na asante.

Kwa sasa tusingoje kampuni. Mama, baba, vijana: kama kuko muzee aliyepiga gita au aliyeimba kambini, mukae naye. Mushike sauti yake kwa telefone, muandike jina lake, mwaka, mungodi aliotumika, na nani alipiga pamoja naye. Zambia mutoto wa Ndola alikuta disiki za wazee wake. Watoto wetu wakitafuta za kwao, watakuta nini?