Lipu Hulia Kwanza

Haya, sogeeni wanangu. Mwanza mnaijua? Ndilo jiji la miamba. Nyumba zimepanda mlimani, zimekaa katikati ya majabali. Anayetaka kupitisha barabara pale, sururu haimfikishi mbali. Hutoboa mwamba, hushindilia baruti, honi hulia, watu hujitenga. Puuu!

"Mjomba, nyumba ya bibi haitaanguka?"

Swali zuri hilo! Swali la mtu mwenye macho. Chukua beseni la maji, tumbukiza kokoto. Mawimbi yanakimbia, yanakimbia, yakifika ukingoni yamechoka. Na ardhi hufanya vivyo hivyo. Kokoto kubwa, wimbi kubwa. Ndiyo maana fundi hodari wa baruti halipui matundu yote kwa mpigo. Hulipua hili, kisha hili, kisha lile, yakipishana kwa vipande vidogo mno vya sekunde. Sikio lako husikia puu moja. Nyumba hupokea mitikisiko mingi midogo.

Sasa usikilize ukuta. Lipu ndiyo ya kwanza kupiga kelele: "Jamani, nimepasuka!" Msingi wa zege, huko chini, huuliza: "Kwani kuna nini?" Lipu ni nyembamba na kavu, haijui kujipinda. Msingi ni mnene, tena umekumbatiwa na udongo. Lipu hulia kwanza, msingi hulia mwisho.

"Kwa hiyo msingi haupasuki?"

Hupasuka, mwanangu, baruti ikizidi au ikisogea mno. Ndiyo maana kuna kipimo. Mwaka 1980 wataalamu wa Bureau of Mines ya Marekani walishauri kwamba kwenye nyumba ya lipu, mtetemo wa mapigo ya polepole usivuke milimita 12.7 kwa sekunde. Nyayo zako huhisi hata milimita 1 kwa sekunde! Utashtuka wewe, ukuta bado mzima.

"Mbona bibi ana ufa, na anasema ni baruti?"

Huenda. Huenda pia ni udongo wa mfinyanzi. Huo huvimba wakati wa mvua, husinyaa kiangazi, nao hupasua nyumba bila kelele yoyote. Na ufa, mjanja yule, hausemi ulizaliwa lini. Basi kabla honi haijalia, chukua penseli. Weka alama ufa unapoishia, andika tarehe, piga picha. Baruti ikishalia, rudi utazame. Ufa ukivuka alama, mshike bibi mkono, twende kwa mkandarasi na picha zetu.