Sheria inakulinda kazini. Lakini inaanza kukulinda lini?

Ndugu na dada zangu, kila mwaka promosyo mpya inatoka chuoni na dosye mkononi, na kila mwaka ninasikia malalamiko yaleyale: "Hawakunichukua juu ya kabila langu." "Waliniuliza kama niko na mpango wa kuzaa." Wengi wanafikiri Kongo yetu haina sheria juu ya mambo hayo. Sheria iko. Tuone ilitoka wapi, na inafika wapi.

Wakati wa Wabelgiji, ubaguzi ndio ulikuwa utaratibu wenyewe. Watumishi weusi wa serikali walikuwa na madaraja yao, Wazungu na yao. Ni mwaka 1959 tu ndipo serikali ya koloni iliweka sheria moja kwa watumishi wote. Kwenye karatasi ukuta ulianguka. Lakini cheo kilifuata diplome, na Mkongomani alikuwa amefungiwa mlango wa diplome miaka mingi. Kwa hiyo vyeo vikubwa vilibaki palepale. Ata jeshi, Force Publique, lilifika siku ya uhuru bila ofisa mweusi hata mmoja. Siku chache baadaye, Julai 1960, askari waliasi.

Kisha leta yetu yenyewe ilianza kuandika. Mwaka 1969 Kongo ilikubali mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mshahara sawa kwa mwanaume na mwanamke. Lakini sheria ya familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe. Unaona? Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua. Kifungu hicho kilibadilishwa tu Julai 2016.

Mwaka 2001 tulikubali mkataba namba 111 unaokataza ubaguzi kazini. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ikafuata. Kifungu cha 62 kinasema wazi: kabila, rangi, dini, siasa, ndoa, mimba, hakuna hata kimoja kinachoweza kuwa sababu halali ya kufukuza mtu. Kifungu cha 86 kinataka mshahara sawa kwa kazi sawa. Katiba ya 2006 ikarudilia katazo hilo, kisha ikaja sheria ya usawa wa wanawake na wanaume ya 2015, na ile ya watu wenye ulemavu ya 2022.

Sasa soma tena kifungu cha 62: kinasema juu ya kufukuzwa. Ili ufukuzwe, lazima uwe umekwisha kuingia! Mwenye kontra akionewa ana njia: anaanza kwa inspekta wa kazi, ambaye anajaribu kuwapatanisha yeye na patron, na wakishindwana wanaenda kwenye tribinali ya kazi. Bila kupita kwa inspekta, tribinali haipokei kesi.

Lakini wewe unayetafuta bado? Mkataba namba 111 unahesabu pia kuingia kazini, kwa hiyo haki unayo. Kinachokosekana ni ushahidi, kwa sababu mwenye kompani hakuandikii kwa nini amekukataa. Dada mmoja wa promosyo yetu aliulizwa kwenye mahojiano kama mchumba wake atamruhusu kufanya kazi. Hakuna aliyeandika swali lile popote, na jibu la kompani halikuja mpaka leo.

Kwa hiyo ninashauri mambo mawili. Chunga kila kitu: tangazo, ujumbe wa simu, tarehe, maswali uliyoulizwa na nani aliyeuliza. Na sisi kama chama tudai matangazo yaonyeshe masharti wazi, na aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Mwaka 1959 ulitufundisha: usawa wa karatasi hauingizi mtu kazini kama mlango wenyewe hakuna anayeuangalia.