Handaki Lianzie Mlangoni

Daftari la mkulima wa chai au parachichi wilayani Rungwe lina jina lake, namba ya simu, kilo alizopima na fedha anazodai. Likishaingia kwenye kompyuta ya ofisi ndogo pale Tukuyu na kuanza kusafiri kila jioni hadi seva ya Dar es Salaam, suala la nani anaweza kulichungulia njiani si la mafundi peke yao: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde. Wengi hukimbilia kupakua VPN, handaki la siri la kupitishia data, kwenye simu. Naona wanaifunga mahali pasipo pake, kwa sababu printa, kamera na kompyuta ya karani vinabaki nje ya handaki. Ikae kwenye ruta, ambako kila kitu lazima kipite.

Ruta hiyo inaweza kuwa kompyuta ndogo yenye matundu mawili ya waya wa mtandao. Ndani yake inawekwa Proxmox, programu inayoifanya mashine moja ijigawe kuwa kadhaa, na katika mojawapo inakaa OPNsense, ngome ya mtandao (firewall) iliyochipuka kutoka ngome nyingine, pfSense, mwaka 2015. Tundu moja linapokea waya wa modemu, la pili linalisha ofisi. VPN yenyewe ni WireGuard: kila upande unatengeneza jozi ya funguo, wa siri haumtoki mwenyewe, wa wazi anapewa mwenzake. Kwa modemu za laini ya simu, kampuni ya simu mara nyingi hutumia anwani moja ya nje kwa wateja wengi, hivyo wa nje hawezi kukubishia hodi. Lakini hapa ruta ya Tukuyu ndiyo inayopiga, na ukiiagiza itume salamu kila baada ya sekunde 25, njia haifungiki. Watu huona pande mbili zimesalimiana wakadhani kazi imekwisha. Bado. Pasipo kanuni ya kuzuia, handaki likikatika kompyuta zinaendelea kutuma kupitia njia ya kawaida, na hakuna anayegundua.

Kwamba mashine moja ikifa ofisi nzima inalala, ni kweli, na katika mji wa mvua na radi kama Tukuyu hoja hiyo haipuuzwi. Ila mashine ya ndani ya mashine hupigwa picha nzima kabla ya kuguswa. Fundi akiharibu mipangilio, dakika chache tu inarudi ilivyokuwa, bila kumsubiri mtu kutoka Mbeya. Nakala ikae kwenye diski ya nje, na betri ya akiba inunuliwe kabla ya kompyuta yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni la imani: handaki halifuti macho, linayahamisha, na mwenye seva ya upande wa pili anaona mengi. Ndiyo maana liishie kwenye seva ya taasisi yenyewe, si kwa mgeni anayegawa VPN bure. Kuhusu sheria, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaohitaji VPN kikazi wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, wakitaja na anwani ya IP. Ofisi yenye handaki moja mlangoni ina anwani ya kuandika, ile ya seva yake. Yenye simu kumi, kila moja na VPN yake, sijui ingeanzia wapi kujaza fomu.