Masika Kilombero: Tairi Jipya la Baiskeli Lifungwe Mbele

Machi ikiingia, njia za Bonde la Kilombero hubadilika. Mto Lumemo hujaa, majaruba ya mpunga hufurika, na njia za kwenda Namawala, Idete na Mbingu, zilizokuwa vumbi tupu mwezi Septemba, zinakuwa tope la kuzamisha kifundo cha mguu. Baiskeli haziegeshwi kwa sababu hiyo. Ifakara ni mji wa baiskeli: ardhi ni tambarare, mashamba yako mbali na nyumba, na nauli ya bodaboda si kitu cha kutoa kila siku. Mkulima, mwanafunzi, muuza samaki, anayempeleka mgonjwa zahanati, wote wanapita kwenye tope hilo hilo.

Katika baiskeli, tairi la nyuma ndilo linaloisha mapema. Linabeba sehemu kubwa ya uzito, na nguvu yote ya pedeli hupitia kwake. Likishakuwa kipara, mwenye baiskeli hununua jipya na kulifunga pale pale nyuma. La mbele linabaki lile lile la miaka yote. Wakati mwingine mambo huwa mabaya zaidi: kile kipara cha nyuma ndicho kinachohamishiwa mbele "kimalizie". Mantiki yake inaeleweka, maana nyuma ndiko kwenye mzigo. Lakini kwa masika hesabu hiyo imegeuzwa, na inavunja mikono ya watu bure.

Tairi jipya, lenye meno marefu, lifungwe mbele. Lile la mbele, ambalo kwa kawaida halijalika sana, ndilo lihamie nyuma. Kipara kitoke kabisa.

Sababu ya kwanza iko kwenye namna baiskeli inavyosimama. Kila inapoanza kulalia upande mmoja, gurudumu la mbele hugeuka kidogo kuelekea upande huo na kuirudisha chini ya mwili wa mwendeshaji. Marekebisho hayo hufanyika mfululizo, safari nzima, bila mtu kuyafikiria. Ili yafanyike, tairi la mbele lazima liwe limeshika ardhi. La nyuma likiteleza, baiskeli hupiga mkia. Unashusha mguu, unaweka sawa, unaendelea. La mbele likiteleza, chombo kizima kinapoteza njia ya kujisawazisha, na mtu yuko chini kabla hajajua kilichotokea.

Sababu ya pili ni breki. Unaposimama ghafla, uzito husukumwa mbele. Tuchukulie baiskeli na mwendeshaji wake wana jumla ya kilo 90, na asilimia 35 ya uzito huo iko kwenye gurudumu la mbele. Ukifunga breki kiasi cha kupunguza mwendo kwa theluthi moja ya nguvu ya mvutano wa dunia, gurudumu la mbele linaweza kubeba zaidi ya asilimia 60 kwa muda huo. Kwa hiyo tairi linaloamua kama utasimama kabla ya shimo au ndani yake ni la mbele.

Mzigo nao una mambo yake, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu karibu kila baiskeli ya bonde hili ni gari la mizigo. Chukua gunia la mpunga la kilo 100. Likikaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, uzito wake wote unashuka kwenye tairi la nyuma na la mbele halipati wala halipotezi kitu. Lakini kareya nyingi hurefuka kuelekea nyuma, na gunia hukaa nyuma ya ekseli. Katikati ya gunia ikiwa sentimita 10 tu nyuma ya ekseli, kwenye baiskeli ambayo ekseli zake mbili zimeachana sentimita 115, linanyanyua karibu kilo 9 kutoka mbele. Mbele palikuwa na kilo 31 na nusu, ile asilimia 35 ya kilo 90. Sasa zimebaki karibu 23, wakati baiskeli nzima imefika kilo 190. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na kuchezacheza ukiwa na mzigo mkubwa. Tairi lililobakiwa na uzito mdogo namna hiyo, tena likiwa kipara, kwenye tope, halina la kushikia. Kabla hata ya kununua tairi, sogeza mzigo mbele mpaka uguse kiti, na kitu kizito kabisa kifungwe karibu zaidi na kiti.

Sasa tope lenyewe. Eneo oevu la Kilombero, lililoingia kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo oevu ya Ramsar mwaka 2002, lina takribani kilomita za mraba 8,000. Mito inayoshuka kutoka Milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande wa pili imelaza humo udongo wa kila aina: mchanga karibu na kingo za mito, na mfinyanzi mweusi kwenye mbuga zinazotuama maji. Chembe za mfinyanzi ni vibamba vyembamba mno, kila kimoja chini ya sehemu mbili za elfu za milimita. Maji hupenya katikati ya vibamba hivyo na kuvifanya viteleze kimoja juu ya kingine. Mvua inaponyesha, tope huwa jepesi. Linateleza, lakini pia linajisafisha lenyewe kwenye tairi. Jua likitoka na maji yakipungua kidogo, tope lile lile hugeuka gundi. Linajaa kati ya meno, linapanda kwenye madigadi, linaziba nafasi kati ya tairi na uma wa mbele hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Siku mbaya kuliko zote mara nyingi si ya mvua kubwa. Ni ile inayofuata.

Kwa hiyo uchaguzi wa tairi la mbele la masika unaanza na meno. Yawe marefu, milimita 4 au zaidi, na yawe yameachana. Mchezaji wa mpira anajua kwa nini njumu za uwanja uliolowa huwa ndefu na chache: ndefu zinazama hadi kwenye udongo mgumu ulio chini, chache zinaacha tope litoke. Meno mengi yaliyosongamana huonekana imara dukani, lakini baada ya mita 50 za mfinyanzi yamejaa, na unaendesha juu ya tope lililogeuka kipara. Angalia pia meno ya pembeni, maana hayo ndiyo yanayoshika unapokata kona. Kama kuna mshale ubavuni, uelekee upande ambao gurudumu huzungukia.

Upana unategemea njia yako. Wengi hudhani tairi pana ni bora kila mahali. Mfinyanzi haukubaliani na dhana hiyo. Ulaya kuna mashindano ya saiklokrosi, yanayofanyika vuli na majira ya baridi kwenye tope zito, na shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeweka kikomo cha upana wa tairi kuwa milimita 33. Tairi jembamba hukata tope laini na kufika penye ugumu, na linaacha nafasi ya tope kupita chini ya uma. Kwenye mchanga mambo ni kinyume: jembamba linazama, pana linaelea. Anayepita mchanga wa kingo za mto kila siku ana haki ya kutaka tairi la inchi 2.10. Anayekatiza mbuga nyeusi achukue la 1.95 au pungufu. Kipimo rahisi: kidole cha shahada kiweze kupita kati ya meno na uma, juu na pembeni.

Hayo ni ya tope. Lami ni habari nyingine. Watu wengi huamini kwamba mifereji ya tairi la baiskeli ipo ili kuondoa maji barabarani kama ya gari. Lakini tairi la baiskeli ni jembamba, lina upepo wa kutosha, na linakwenda polepole; maji hayapati nafasi ya kulinyanyua. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA kwenye matairi ya ndege, tairi lenye upepo wa psi 40 lingehitaji kufika mwendo wa karibu kilomita 105 kwa saa ndipo lianze kuelea juu ya maji. Hakuna baiskeli inayofika mwendo huo hapa Ifakara. Kwenye lami iliyolowa kinachoshika ni mpira wenyewe, na meno marefu hupunguza eneo la mpira linalogusa, kwa hiyo tairi la tope linataka kona za taratibu. Kinachoangusha watu kwenye lami ni mafuta yaliyomwagika, rangi ya alama za barabarani, na chuma. Reli ya TAZARA ikilowa, ivuke ukiwa umenyooka, usukani haujageuka, na breki umeiachia kabla ya kufika.

Wenzetu wa nchi za theluji wana tatizo jingine. Mpira wa tairi ukipoa sana hukakamaa na kushindwa kushika, ndiyo maana matairi yao ya baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko laini, na mengine hupachikwa pini za chuma za kuuma barafu. Ukikutana na tairi la namna hiyo kwenye mitumba, liache. Baridi ya Julai Ifakara haifiki popote karibu na kukakamaza mpira. Mpira wa asili, kama unaogemwa kwenye mashamba ya Kalunga humu humu wilayani Kilombero, hubaki laini hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Adui wa tairi letu ni jua. Jua na hewa huupasua mpira taratibu, kwa hiyo likunje tairi ubavuni kabla ya kulipa: nyufa ndogo ndogo zikionekana, limezeeka hata kama halijawahi kufungwa.

Usinunue kwa kutaja "ishirini na nane" au "ishirini na sita" tu. Tazama namba ndogo zilizochorwa ubavuni. Baiskeli nyeusi ya kizamani yenye 28 × 1½ huandikwa 40-635: upana milimita 40, kipenyo cha rimu milimita 635. Ya milimani yenye 26 × 2.10 huandikwa 54-559. Namba ya pili lazima ilingane na rimu yako. Kuna matairi mengine yanayoitwa 28 ambayo ni 622, na hayataingia kwenye rimu ya 635 hata fundi atumie nguvu kiasi gani.

Upepo wa mbele uwe pungufu ya wa nyuma. Kwenye tairi pana la milimani, psi 25 hadi 30 mbele huruhusu tairi kulala kidogo na kushika zaidi; nyuma jaza kulingana na mzigo, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukipunguza mno, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka mara mbili sambamba.

Anayeanguka mbele hutanguliza mkono. Ndiyo maana majeraha ya kawaida ya ajali hizi ni mfupa wa kiganjani, mtulinga, na uso. Kiganja kikivimba na kuuma chini ya kidole gumba kwa zaidi ya siku moja, kipigwe picha. Kuna kifupa kidogo pale ambacho ufa wake hujificha, na kikiachwa kinaweza kisiunge. Mchubuko wenye tope uoshwe haraka kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, kisha uulizie zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi. Maji ya mafuriko yaliyochanganyika na mkojo wa panya na mifugo hubeba pia homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, na jeraha wazi ni mlango wake. Homa kali, maumivu ya misuli ya miguu na macho mekundu ndani ya wiki mbili baada ya ajali ya namna hiyo yaelezwe kwa daktari pamoja na habari ya kuanguka kwenyewe, la sivyo atafikiria malaria peke yake.

Kipara ulichokitoa nacho usikitupe nyuma ya nyumba. Tairi lililolala hutunza maji ya mvua kivulini, na hapo ndipo mbu Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, hupenda kutaga. Mayai yake hukauka ukutani mwa tairi na kukaa miezi kadhaa yakisubiri mvua nyingine. Likate vipande vya kufungia gunia kwenye kareya, au kama ni la kuning'iniza, litoboe matundu upande wa chini kila shubiri moja.